Mumbua wa Magoti, Mumbua wa Nyasi

Tulimzika Wayua nyumbani kwake Kola, siku ya jua kali, chini ya turubai la kukodi. Katibu wa kamati ya mazishi alisoma wasifu wake mbiombio, kama mtu anayekimbizana na mvua: alizaliwa, alisoma kidogo, aliolewa, alijaliwa watoto. Kisha akafika kwenye kazi. "Marehemu alifanya vibarua mbalimbali sehemu za Athi River," akasoma, akageuza karatasi ili aendelee na habari za kwaya. Nikasema, "Hapana." Sikukusudia kulitamka kwa sauti, lakini lilitoka, na wamama wa kanisa waliokaa mbele yangu wakageuka kumtazama huyu mwenye buibui anayebishana na wasifu wa marehemu. Kioko, mwanawe mkubwa, alinijua. Akasema, "Mpeni auntie maikrofoni." Nikasimama, nikasema marehemu hakufanya vibarua mbalimbali, alifanya kazi moja, na nilikuwapo. Nilipotaka kueleza ni kazi gani, maikrofoni ikakoroma, katibu akatazama saa yake, na mtu akaanzisha wimbo. Haya. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Yale ambayo sikupewa nafasi ya kuyasema Kola nitayasema hapa, na hakuna wa kunianzishia wimbo.

Ulikuwa mwaka wa mvua za El Nino. Habari za kwetu, nani alimwoa nani na nani aliuza nini, nitaziacha; wenye hamu nazo wapo na wanazisimulia vizuri kunishinda. Inatosha kujua kwamba nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimekaa nyumbani Machakos mjini karibu na msikiti nikisubiri jambo ambalo hata mwenyewe sikulijua, na mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Mwandiko ndio ulionipa kazi. Kupita Kinanie, upande wa Athi River, kulikuwa na shamba la miche ya maua ya kupeleka Ulaya. Jina lake sitalitaja. Limeshabadilisha wenyewe, na siku hizi palipokuwa na maua pameota mawe ya mipaka ya ploti. Walitaka mtu wa kuandika lebo, zile za kuchomeka kwenye udongo, na aziandike kwa herufi ambazo Mzungu atazisoma bila kukunja uso. Nikapelekwa nyumba ya nne, ambayo kila mtu aliiita nyumba ya pinki.

Ilikuwa nyumba ndefu ya plastiki, yenye joto la kulowesha nguo kabla ya saa ya chai, na meza za waya kutoka mlangoni hadi mwisho. Juu ya meza kulikuwa na trei, na ndani ya trei miche midogo ambayo ungedhani ni magugu. Yote asili yake ni porini, kwenye milima ya kusini mwa Ulaya, huko Pirenei na Apenini na mingine ambayo sikuwahi kuweza kuitamka. Yote ikikua hutoa maua ya pinki. Ndivyo mnunuzi alivyoagiza: watu wa kwao wana bustani za mawe, wanataka mimea ya milimani, na mwaka ule walitaka pinki. Ukutani palibandikwa picha za mimea hiyo ikiwa imechanua katikati ya mawe ya kijivu, na nyuma yake mlima mweupe kileleni. Mumbua, msichana wa rika langu niliyekuja kupanga naye chumba, aliniuliza siku ya kwanza kama huko juu ni chumvi. Nikamwambia ni barafu. Akaniuliza nimeijuaje, kwani nimeenda? Kwenye chumba cha mbegu kulikuwa na friji ambamo mbegu zililazwa majuma kadhaa zidhani ni majira ya baridi, maana zisipodanganywa hazioti. Wayua alisema mbegu hizi ni kama wanaume wa aina fulani, hawaamki mpaka wakione cha moto, na hizi mpaka zikione cha baridi.

Wayua ndiye aliyekuwa msimamizi wetu. Alikuwa mrefu, wa makamo, na mikono ya mtu aliyeshika jembe tangu utotoni. Nilimwita Da Wayua kwa adabu ya kwetu, na wanawake wengine wakanicheka wiki nzima: "Da! Da! Huyu Mswahili anaita mtu kama anagonga mlango." Rangi nayo ikatupa kichekesho. Asubuhi yangu ya kwanza niliandika kwa chaki kwenye ubao wa mlangoni: WARIDI. Kwetu waridi ni ua na waridi ni rangi, na hakuna anayepotea. Wapakiaji waliusoma ule ubao, wakaleta mkokoteni na kuanza kutafuta maua. "Rose iko wapi?" wakauliza. "Si mmeandika hapa iko rose?" Wayua akaufuta ubao kwa kiganja. "Andika pinki," akaniambia. "Waridi ni ya watu wa redio." Mumbua akasema yeye kwa nyanya yake mzaa mama yote ni ndune, nyekundu, iwe ya damu, ya nyanya za sokoni, au ya hizi pinki zenu, na nyanya yake ameishi hivyo hajawahi kupungukiwa na kitu.

Majina ya miche yalikuwa ya Kilatini. Mimi niliyaandika, Bwana Mwangangi, meneja, aliyatamka, na wengine wote waliyakwepa. Wayua hakuweza kusimamia watu kwa majina yasiyoshikika mdomoni, kwa hiyo aliipa miche majina mengine, na alifanya hivyo kwa utaratibu wa kwao Ukambani. Alinieleza tukiwa tumekaa juu ya ndoo zilizopinduliwa, tunakula isyo, mahindi na maharagwe, kutoka sufuria moja. "Sisi mtoto anapewa jina ya vile alikuja," akasema. "Akikuja mvua ikinyesha, ni Mumbua. Akikuja usiku, ni Nduku. Akizaliwa watu wakiwa safari, ni Kyalo. Mimi nilikuja wakati wa njaa, ndiyo naitwa Wayua. Sasa hii miti ndogo pia ilikuja. Kwani ilianguka?" Basi ule unaotambaa hadi trei ya jirani, ambao jani lake ukilisugua na maji linatoa povu kama sabuni, ukawa Kyalo. Ule wenye shina linalonata vidole, ambao ukichanua hufumba mchana na kufumbua jioni, ukawa Nduku. Ule mnene wa majani yaliyopangana duara, ambao ulisahauliwa pembeni bila maji na haukufa, aliuchukua mwenyewe. "Huyu ni mimi," akasema, na hakuna aliyembishia. Na ule mwembamba wenye majani ya rangi ya bluu iliyofifia, uliochipuka siku ya mvua, ukawa Mumbua, na Mumbua wetu akawa anausalimia kila asubuhi: "Niaje, wajina."

Siku hizi nikisikia watu wakisema wafanyakazi wa mashamba ya maua hawakujua walichokuwa wakishika, nachukia. Tulijua. Bwana Mwangangi naye alijua, nisimwonee. Kilatini chake alikisomea na kilikuwa sawasawa. Alipita na viatu vyake vinavyong'aa, akatusikia tukiita "leta Kyalo, mwagia Nduku," akatikisa kichwa akicheka. "Nyinyi wamama mmefanya hapa ni kliniki ya watoto," alisema. Hakukataza. Lebo zilikuwepo, zimeandikwa kwa mkono wangu kwa jina analotaka mnunuzi, na majina ya mdomoni hayakumdhuru mtu.

Kisha mvua ikaja, na aliyeiona ile mvua hahitaji nimsimulie. Mlima wa Mua ulipotea ukawa wingu tu. Chumba chetu Athi River, mimi na Mumbua, kilikuwa na vumbi la viwanda vya saruji juu ya mabati tangu kijengwe, na mvua ya kwanza ililishusha likaganda kwenye mtaro hata maji yakakosa pa kupita, tukawa tunaingia ndani kwa kuruka. Asubuhi moja tulifika shambani tukakuta upepo umeipasua plastiki ya nyumba ya nne kutoka ukingo hadi ukingo. Maji yalikuwa yameingia kwa kasi, yameangusha meza, yamerundika trei moja juu ya nyingine, na udongo na miche vimelala pamoja sakafuni. Lebo zangu zilielea mlangoni. Wino ulikuwa wa bei rahisi, umetoka wote, na zile lebo zimebaki nyeupe kama siku zilipotoka dukani. Da Wayua alisimama na gamubuti zake katikati ya matope, akainama, akaokota mmoja wa ile miche minene aliyoipa jina lake. Ulikuwa umelainika unatoa maji. Wayua aliyezoea njaa alikuwa ameoza kwa shibe.

Chumba cha kufungashia kilitenganishwa na ofisi kwa ubao mwembamba, na mtu akipiga simu upande ule, wa upande huu anajibu. Tulikuwa tunaosha trei tuliposikia sauti ya Bwana Mwangangi. "Hapana, hazijakufa zote," alisema. "Shida ni majina. Bila maua hata mimi siwezi apa hii ni gani. Tutafanya mix. Ndiyo, zote ni pinki, si itakuwa tu Pink Mixed? Na hapo hatuhitaji watu wa kuchagua, hao wamama wa pinki wataenda." Akasikiliza upande wa pili. Kisha akacheka kidogo, akasema sawa. Mumbua aliacha kusugua. Kulikuwa na wanawake pale waliosomesha watoto kwa ile nyumba ya pinki, na kazi nyingine Athi River ilikuwa kusimama kwenye geti za viwanda tangu alfajiri ukingoja kunyooshewa kidole uingie. Wayua alifuta mikono kwenye aproni, akazunguka ubao, akaingia ofisini bila kubisha. Tulisikia kila neno.

"Hizo si mix," alisema. "Ziko na majina."

"Mama Kioko, majina yalienda na maji."

"Lebo ndiyo ilienda na maji. Majina iko."

"Iko wapi?"

"Iko na sisi. Tupatie nafasi tuzipange. Wewe ngoja mnunuzi akuje, aone na macho yake. Akisema ni mix, ni mix."

Nadhani Bwana Mwangangi hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye bosi. Akakubali. Mnunuzi alikuwa anakuja kabla ya mwisho wa mwezi, na ikiwa miche itakuwa imetengwa na kuandikwa kila mmoja kwa jina lake, nyumba ya pinki itabaki na watu wake. Tusipoweza, tutaondoka. Wayua alipotoka alijua tulikuwa tumesikia. Alisema tu, "Leteni maji safi."

Tulianza na Kyalo, maana yeye ni mwepesi: jani moja, tone la maji, sugua, povu. Nduku tukamjua kwa vidole, vikinata ni yeye. Wale kina Wayua waliobaki walijulikana hata kwa mtu aliyefumba macho. Ilikuwa ni mwezi wa Ramadhani na mimi nimefunga, na Mumbua akagundua kwamba miche mingine inatofautiana kwa ladha. Akanyoosha jani mdomoni kwangu. "Onja hii, uniambie kama ni chungu." Nikamwambia nimefunga. "Onja tu, kwani Mungu ataona mpaka ndani ya plastiki?" Wayua akampiga kofi la mkono jani likaanguka. "Hiyo si mboga," akamwambia. "Ukifa hapa nitaandika nini kwa lebo yako?" Jioni chumbani Mumbua ndiye aliyenipikia uji wa kufungulia, nilimfundisha kutia pilipili manga kama kwetu, na kila siku aliuliza swali lile lile: "Sasa hii ni uji ama ni dawa ya kifua?" Kila siku alikunywa vikombe viwili.

Tukafika kwa mche Mumbua, na hapo ndipo tulipokaribia kugombana kweli. Wayua aliagiza miche yote myembamba yenye majani kama nyasi iwekwe pamoja. Ikajaa meza mbili. Nikaitazama, moyo ukawa hautulii. Kabla ya mvua niliandika lebo za majina mawili ya Kilatini kwa ile miche myembamba, Dianthus na Armeria, na niliyakumbuka kwa sababu la pili lilikuwa na herufi tamu kuandika. Wayua alikuwa na jina moja tu. Nikamwambia, "Da Wayua, hawa ni wawili."

"Wawili vipi? Huyu ni Mumbua."

"Yote imechipuka siku ya mvua, ni kweli. Lakini mmoja si mwenzake."

Akasimama wima, na wote wakaacha kazi. "Wewe Mswahili," akasema polepole, "umekuja juzi, unanifundisha jina ya mtoto?" Niliogopa. Katika ile nyumba yeye ndiye aliyekuwa mama yetu, na mimi nilikuwa mgeni mwenye buibui na mwandiko. Lakini nilifikiri juu ya mnunuzi atakayekuja na macho yake, na nikaona nikinyamaza tutaanguka wote pamoja kwa adabu yangu. Nikachukua mche mmoja kwenye trei hii na mwingine kwenye trei ile, nikaiweka mbele yake. Mmoja ulikuwa na shina lenye vifundo, na kwenye kila kifundo majani mawili yametoka yakitazamana. Wa pili haukuwa na shina la kuonekana. Majani yote yalitoka chini pamoja, yamebanana kama fundo la nyasi. Wayua akaugeuza huu, akaugeuza ule. Akaupitisha wa kwanza kati ya vidole, akavisikia vile vifundo kimoja kimoja. Sura yake ikabadilika.

Ndipo Mumbua akapasuka kwa kicheko. "Aki hii ni makosa ya Wakamba!" akasema. "Watoto wawili wakizaliwa na mvua, si wote ni Mumbua? Kwetu kanisani tuko wanne. Na hakuna mtu anasema sisi ni mtu mmoja." Wanawake wakaangua kicheko, na Wayua mwenyewe akajizuia, akashindwa. Alipofuta machozi akaniuliza kwetu mjini, wakiwa kina Fatuma wawili, tunafanyaje. Nikamwambia tunasema Fatuma wa fulani. "Hata sisi," akasema. Akauinua ule wa vifundo. "Huyu ako na magoti. Huyu ni Mumbua wa Magoti." Akauinua wa pili. "Na huyu ni Mumbua wa Nyasi. Haya, kazi." Meza mbili zote zikafumuliwa upya, mche mmoja mmoja, na hakuna aliyelalamika.

Miaka iliyofuata nilikuja kuwa mwalimu wa shule ya msingi, na darasani nimekuwa na kina Mutua watano kwa mpigo. Sijawahi kumwita mtoto "wewe wa nyuma". Wenzangu walinicheka wakasema napoteza muda. Waache wacheke. Nilijifunza kwenye joto la plastiki kwamba mtu akikwambia hawa wote ni sawa, mara nyingi ana maana kwamba amechoka kuwatazama, na uchovu wake si hukumu.

Mnunuzi akaja. Alikuwa mama wa makamo mwenye kofia pana na goti bovu, katoka huko huko kwenye milima yenyewe. Bwana Mwangangi alimwongoza, na sisi tukasimama kila mmoja kwenye meza yake, aproni zimefuliwa. Nilikuwa nimeandika lebo mpya kwa wino mzuri, Kilatini kama inavyotakiwa. Yule mama aliinama juu ya trei ya kwanza, akalisugua jani, akatabasamu. Akapita kwa Nduku, akagusa, akainua vidole vilivyonata akamwonyesha Bwana Mwangangi. Kwenye meza ya kina Mumbua alikaa muda mrefu. Alichomoa mche mmoja kutoka kwa Mumbua wa Nyasi, akauhamishia upande wa pili, na alikuwa na haki, tulikosea huo. Mingine yote aliiacha ilipo. Nilimtazama Wayua. Alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, na nilijua tumeshinda.

Yule mama akazungumza, na Bwana Mwangangi akatutafsiria huku macho yake yakiwa kwenye viatu. "Anasema ni kazi safi sana. Anasema hajaona miche imepangwa vizuri hivi." Akaendelea. "Anasema pia, ile barua tulimwandikia ya mix siku ile ya mafuriko, watu wake wameipenda. Mtu ananunua boksi, anapanda, anangoja kuona itatoka gani. Inakuwa kama zawadi. Kwa hivyo ataendelea na mix."

"Na sisi?" Wayua akauliza.

"Mtamaliza hii mzigo. Halafu mwisho wa mwezi mnaenda."

Kama tungekuwa tumekosea, ningeelewa. Tulikuwa sawa, akasema tuko sawa, na bado kazi ikatutoka. Hasira niliyoipata pale sijaipata tena, na sikuificha wala siifichi sasa. Na lililobaki lilikuwa baya zaidi, kwa maana tuliambiwa tuivuruge wenyewe: tuchukue mmoja kutoka kila trei, tujaze maboksi, na mimi niandike PINK MIXED kwenye kila lebo. Kesho yake tukakaa chumba cha kufungashia, maboksi wazi mbele yetu, na lebo tupu mapajani mwangu. Mwanamke wa kwanza akaniletea mche. Nikaishika kalamu. Nikamtazama Wayua, nikauliza, "Huyu ni nani?"

Alinielewa mara moja. "Kyalo," akasema.

Nikaandika KYALO. Herufi kubwa, mwandiko wangu wote nikautia. Wa pili akaleta wake, akautaja mwenyewe bila kuulizwa: "Nduku." Kisha Wayua. Kisha Mumbua wa Magoti, na lebo ilikuwa fupi, nikaibana ikaenea. Hakuna aliyekuwa anaongea mambo mengine siku ile. Kila mmoja alikuja na mche kiganjani, akatamka, nikaandika, ukaingia boksini. Maboksi yalikuwa mchanganyiko kama walivyotaka, tulitii kila neno la agizo lao ila lile moja, na hakuna mche uliotoka pale bila jina.

Lori la kwenda uwanja wa ndege lilikuwa limeshawashwa Bwana Mwangangi alipofungua boksi la juu kukagua. Akachomoa lebo, akaisoma, akachomoa nyingine. Akafungua boksi la pili.

"Nduku," akasema. "Nduku ni nani?"

"Ni huyo umeshika," Wayua akamjibu. "Msalimie."

Dereva akapiga honi. Ndege hazingoji, na kuandika upya kungechukua siku nzima, naye alijua. "Wewe Rukia," akanigeukia, "wewe umesoma. Hawa watu wa huko wataelewa nini hapa?"

"Wataelewa ni majina," nikasema.

"Nilikwambia uandike nini?"

"Uliniambia niandike uongo, Bwana Mwangangi. Mwandiko wangu hauwezi."

Akayafunga maboksi kwa mikono yake mwenyewe, akampungia dereva aende. Kisha akaniambia nisionekane hapo hata kesho. Wayua akavua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya meza. "Huyu akienda, twende," akasema, na aproni zikaanza kukunjwa moja baada ya nyingine. Kama kule mbali kuna mtu alisoma zile lebo, kama alizichomeka kwenye bustani yake ya mawe au alizitupa, sijui, na sijawahi kuuliza. Hatukuwaandikia wao.

Getini kulikuwa na mlinzi mpya na daftari la wanaotoka. Alituona tunakuja kundi zima, akaandika bila kutuangalia. "Wa pinki?" akasema. "Piteni tu, nimeandika pinki wote." Akafungua geti wazi. Wayua akasimama katikati ya njia, na sisi nyuma yake tukasimama.

"Andika," akasema.

"Nimeandika, mama."

"Andika Wayua. Wa Kola."

Mlinzi akamtazama, akatazama lile kundi, akashusha pumzi akaandika. Akarudisha geti nusu, ikawa anapita mmoja mmoja. Mumbua akataja jina lake, na mlinzi, Mkamba kama wao, akauliza bila kufikiri, "Mumbua gani? Wa wapi?" Mumbua akacheka kwa sauti iliyofika ofisini. Walipita wote. Nikabaki mimi, nikasema Rukia, wa Machakos mjini. Akaandika Lukia. Nikamwambia afute. Akasema ni sawa tu, itajulikana. Nikaweka mkoba wangu chini, nikamtajia herufi ya kwanza, nikangoja mpaka akaifuta ile L na kuiandika, na hapo ndipo nikatoka.